Uzi: Swichi za usukani wa pikipiki zinazokufa zikilowa, tupime kwanza kabla ya kununua mpya

Mpima Waya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila mvua inaponyesha siku mbili tatu mfululizo, malalamiko yanayosikika ni yaleyale. Pikipiki imelala nje au imeoshwa, asubuhi ukibonyeza stata hakuna kinachozunguka, au honi inalia yenyewe, au indiketa ya upande mmoja imekataa kuwaka, kisha jua likitoka kila kitu kinarudi kufanya kazi kana kwamba hakukuwa na lolote. Mwenye chombo anafurahi na kusahau. Mvua inayofuata inakuja na tatizo lilelile, safari hii likichukua muda mrefu zaidi kuondoka, na mwishowe swichi nzima inatupwa na kununuliwa nyingine, ambayo nayo baada ya muda inaanza kuumwa vilevile.

Ninachotaka kusema ni kwamba swichi iliyopona kwa kukauka haijapona. Maji mara nyingi yanafichua tu uchafu na kutu vilivyokuwamo tangu zamani, na kila yanapokauka yanaacha chumvi na ulikaji zaidi ya ule wa jana. Anayesubiri ikauke anaupa ugonjwa muda wa kukua, na anayenunua mpya bila kupima huenda anabadilisha kitu kizima na kukiacha kibovu mahali pengine.

Tuangalie kwanza kilichomo ndani. Ukifungua swichi ya usukani utakuta vipande vyembamba vya shaba au shaba nyeupe vilivyopandishwa kwenye plastiki, na juu yake kipande kidogo kinachoteleza, kikisukumwa na spiringi ili kigusane navyo sawasawa. Ile sauti ya “tiki” unayoisikia unapohamisha indiketa mara nyingi hutokana na gololi ndogo inayoingia na kutoka kwenye kishimo chake. Kiwandani vyote hivyo hupaswa kupakwa grisi. Miaka inavyokwenda grisi ile inakauka, vumbi linapenya kwenye ungio la vipande viwili vya kasha, na unga wa shaba unaotokana na kusuguana unachanganyika navyo hadi panatokea tope jeusi. Tope hilo likiwa kavu halipitishi umeme wa kutosha kuleta madhara. Likilowa, chumvi zilizomo zinayeyuka, na tope linageuka kuwa njia ya umeme kati ya vipande ambavyo havikupaswa kukutana.

Kwa hiyo kuna magonjwa mawili yanayokwenda kinyume, na ni vizuri kujua lipi ni lako. La kwanza ni umeme kupita mahali usipotakiwa, na ndilo linalofanya honi ilie bila kubonyezwa au taa ya breki ibaki ikiwaka. La pili ni umeme kushindwa kupita mahali unapotakiwa, kwa sababu ule ukoko wa kijani umekaa katikati ya shaba na shaba. Ugonjwa wa kwanza huzaa wa pili: umeme wa betri unapopita kwenye unyevu, kipande kilicho upande wa chanya kinaliwa polepole na madini yake yanahama. Ndiyo maana nawasihi, ukijua swichi imejaa maji usiache ufunguo ukiwa umewashwa eti ikauke kwa joto la taa. Zima, fungua, kausha.

Upinzani mdogo tu unatosha kuleta hasara. Balbu ya wati 35 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 3. Ukiongeza nusu omu ya kutu ndani ya swichi, zaidi ya volti moja inapotea kabla haijafika kwenye balbu, na joto la wati tatu hivi linabaki ndani ya kiplastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Taa inafifia, plastiki inalainika, kipande cha shaba kinazama kidogo, mgusano unazidi kuwa mbaya, na joto linaongezeka tena. Nimefungua swichi za taa kubwa ambazo mwenyewe aliamini zimeharibiwa na mvua, nikakuta plastiki imeyeyuka na kuwa rangi ya kahawia kuzunguka kipande kimoja tu. Mvua ilikuwa ya mwisho katika mlolongo huo, wala si ya kwanza.

Sasa kupima. Usianze na bisibisi. Fuata waya unaotoka kwenye swichi hadi kwenye soketi yake, ambayo katika pikipiki nyingi iko nyuma ya taa kubwa au chini ya tangi, uichomoe, na upime ukiwa hapo. Weka mita kwenye omu, gusanisha kwanza ncha zake mbili ili ujue nyaya za mita zenyewe zina upinzani kiasi gani, kisha pima waya mbili za swichi husika. Ikibonyezwa, namba iwe karibu sawa na ile ya ncha zilizogusana. Ikiachiwa, mita isionyeshe njia yoyote. Bonyeza mara ishirini ukitazama namba. Ikiwa inacheza, mara 0.3 mara 8 mara 40, mgusano umechafuka hata kama kwa wakati huo honi inalia vizuri. Kisha peleka mita kwenye kipimo cha juu kabisa, swichi ikiwa imeachiwa na ikiwa bado ina unyevu: ikionyesha upinzani wa maelfu ya omu badala ya kutoonyesha kitu, una tope ndani.

Msitegemee mlio wa mita peke yake. Mita nyingi hulia hata penye omu kadhaa, na hupima kwa umeme mdogo mno, kiasi kwamba waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba utalia kwa furaha na kushindwa kabisa kubeba mzigo wa stata. Kipimo kinachosema kweli ni cha volti penye mzigo. Rudisha soketi, washa taa au bonyeza honi, kisha weka ncha moja ya mita pale umeme unapoingia kwenye swichi na nyingine pale unapotokea. Swichi iliyo nzima hupoteza sehemu ndogo sana ya volti. Ukikuta zaidi ya nusu volti, swichi hiyo inakula umeme.

Kuifungua si kazi ngumu, lakini inataka utulivu. Skurubu huwa mbili au tatu kutoka chini, na kwa kuwa zimekaa na maji miaka mingi, vichwa vyake huharibika haraka ukitumia bisibisi isiyojaa vizuri kwenye mkato wake. Funika mikono yako na swichi kwa mfuko mpana wa plastiki unaoonyesha ndani, ufanyie kazi humo, maana spiringi zile hazina subira. Ya kwanza niliyofungua mimi ilirusha gololi isiyozidi punje ya mtama, na nikaitafuta sakafuni hadi jioni kwa tochi. Piga picha kila hatua.

Niliyoyaona ndani ya hiyo ya kwanza sijayasahau. Kulikuwa na tone moja la maji ya rangi ya chai lililotulia kwenye kona ya chini, kipande cha stata kimefunikwa na ukoko wa kijani kama ule unaoota kwenye sufuria ya shaba iliyoachwa bila kusuguliwa, na spiringi imekatika pete moja kwa kutu. Nilifuta ukoko kwa kitambaa chenye spiriti na raba ya kufutia penseli, na chini yake shaba ikaonekana ing’avu na nzima. Spiringi ndiyo pekee niliyobadilisha.

Msasa tuuogope. Vipande vingi vina utando mwembamba wa fedha au bati unaovilinda, na msasa mkali unauondoa kwa mikwaruzo miwili. Ikibidi kabisa, tumia ule laini wa namba 1000 au zaidi, kwa mkono mwepesi. Baada ya kusafisha na kukausha, paka grisi ya silikoni kwa kiasi kidogo. Grisi hii haipitishi umeme, na wengi huogopa kwamba itazuia swichi kufanya kazi, lakini shaba mbili zinapobanwa na spiringi huisukuma pembeni na kugusana, huku grisi ikibaki kuzizunguka na kuzuia maji. Kamwe usiweke ile grisi yenye unga wa shaba. Hiyo inaweza kupitisha umeme, na utakuwa umejenga kwa mkono wako tope lilelile ulilotoka kuliondoa.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Gia ya Nne

Mkuu Mpima Waya, ahsante kwa maelezo haya. Tatizo langu linafanana na hilo lakini si lilelile. Pikipiki yangu ni ndogo, ya kiki, na huwaka hata betri ikiwa imekufa. Mvua ikinyesha kwa nguvu injini inaanza kukatakata, kisha inazima kabisa, na haiwaki tena hadi ikauke. Nimebadilisha plagi na koili bila mafanikio. Je, swichi za usukani zinaweza kuhusika wakati hata betri haihitajiki?

Mpima Waya

Ndugu Gia ya Nne, zinaweza kuhusika sana, na pengine chombo chako ndicho mfano mzuri kuliko yote niliyoyataja.

Swichi ya kuzimia injini ina namna mbili za kufanya kazi. Katika pikipiki zinazotegemea betri kwa moto wa plagi, swichi hiyo hukata umeme unaokwenda kwenye koili, kwa hiyo ikiota kutu injini inakosa moto. Katika pikipiki za aina yako, ambazo moto wake hutoka moja kwa moja kwenye magneto, yaani kizalisha umeme kinachozungushwa na injini yenyewe, kuzima hufanywa kinyume: swichi inaunganisha waya wa kuzimia na bodi ya chuma ya pikipiki, na umeme uliotakiwa kufika kwenye kiboksi cha CDI, kile kinachofyatua moto wa plagi, unaishia kwenye bodi hiyo. Sasa fikiria swichi hiyo ikiwa na tope lililolowa. Hujaizima, lakini unyevu unapeleka sehemu ya umeme kwenye bodi, na kwa kuwa volti za upande huo ni kubwa kuliko za betri, hata njia nyembamba inatosha kuudokoa moto. Ndiyo maana injini inakatakata kwanza kabla ya kuzima.

Jaribio lake ni kutenganisha waya wa kuzimia unaotoka kwenye swichi, ambao katika pikipiki nyingi za muundo wa Honda ni mweusi wenye mstari mweupe, ingawa rangi hutofautiana kati ya watengenezaji na ni lazima uangalie mchoro wa chombo chako. Utenganishe injini ikiwa imezimwa, ncha yake uizungushie tepu, wala usiishike injini inapozunguka, kwa kuwa katika baadhi ya mifumo volti zake zinatosha kukurusha. Kumbuka pia kwamba baada ya hapo swichi ya usukani haitazima injini, na huenda hata ufunguo usiizime ikiwa waya wao ni mmoja. Jiandae kuizima kwa kuingiza gia ya juu, kushika breki zote mbili na kuachia klachi taratibu. Kisha mwagia swichi maji. Ikiwa injini inaendelea kunguruma bila kukatika, mhalifu umempata, na ukumbuke kuwa swichi ya ufunguo nayo imo kwenye njia hiyohiyo, kwa hiyo zitenganishe moja baada ya nyingine. Jaribio likiisha, rudisha waya mahali pake. Usiendeshe barabarani chombo ambacho hakiwezi kuzimwa.

Mfuta Vumbi

Mimi nilipochoka nilinunua silikoni ya kuzibia, ile ya mrija, nikaziba ungio lote la swichi kuzunguka hadi pale waya unapoingia. Nilitarajia kwamba maji hayataingia tena. Ajabu ni kwamba baada ya miezi michache hali ikawa mbaya kuliko mwanzo, na nilipofungua nikakuta kila kitu ndani kimekuwa kijani. Nilikosea wapi?

Mpima Waya

Ndugu, pole sana. Makosa yalikuwa mawili, na nimeyaona kwa watu makini kabisa, maana wazo lenyewe linaonekana la busara.

La kwanza ni kwamba kasha la swichi halikuundwa liwe chupa. Chini yake kwa kawaida kuna tundu dogo au mwanya ulioachwa makusudi ili maji yanayoingia yapate pa kutokea. Hewa iliyonaswa ndani hupata joto mchana na kupoa usiku, na unyevu wake hugeuka kuwa matone juu ya shaba. Maji pia hufuata waya: yanateremka juu ya kebo ya mafuta au ndani ya ala yake hadi kwenye kasha la kulia, na safari hii yanakuta mlango wa kutokea umezibwa. Kabla ya kuziba chochote, tafuta tundu hilo, lizibue kwa kijiti, na uhakikishe liko upande wa chini usukani ukiwa umenyooka.

La pili ni aina ya silikoni. Ile inayonuka kama siki inapokauka hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo hula shaba. Uliifungia humo pamoja na nyaya. Iondoe yote, safisha kwa spiriti, na badala ya kuziba, panga waya ushuke kidogo kisha upande kabla ya kuingia kwenye kasha, ili maji yadondokee pale kwenye kona ya chini badala ya kuongozwa ndani.

Niongeze jambo moja kuhusu kuosha. Maji ya pampu yenye shinikizo hupenya mahali ambapo mvua ya siku nzima haiwezi kufika. Zifunike swichi kwa mfuko na uoshe sehemu ile kwa kitambaa.

Safari Ndefu

Kwa uzoefu wangu, dawa ni kupuliza WD-40 kila baada ya mvua na kazi inaisha. Wengine hutumia petroli kuoshea. Kuna ubaya gani?

Mpima Waya

Ndugu Safari Ndefu, WD-40 ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na herufi hizo mbili ni kifupi cha kazi hiyohiyo ya kuondoa maji, 40 ikiwa ni jaribio lililofanikiwa. Kwa hiyo barabarani, swichi ikiwa imelowa na unahitaji kufika, ni msaada wa kweli. Ninachopinga ni kuifanya matibabu ya kudumu. Inalainisha tope la zamani bila kulitoa, inaosha grisi iliyobaki, na utando inaouacha ni mwembamba na unakusanya vumbi jipya. Ukiipuliza leo, panga siku ya kufungua.

Petroli sikubaliani nayo hata kidogo. Inaweza kulainisha na kupasua baadhi ya plastiki, inaharibu mipira, na juu ya yote unaiweka mahali penye cheche. Tumia dawa ya kusafishia migusano ya umeme au spiriti, betri ikiwa imetenganishwa, na usubiri ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme.

Taa Moja

Wakuu, naomba msaada. Baada ya mvua ya wiki iliyopita taa yangu kubwa haiwaki kabisa, si mwanga mkubwa wala mdogo, lakini taa ya nyuma na indiketa zinawaka. Pikipiki yangu huwasha taa kubwa yenyewe kila unapofungua ufunguo. Nimebadilisha balbu, fyuzi ni nzima, na swichi ya kubadilishia mwanga nimeisafisha kama ulivyoeleza. Giza linaniwahi kila siku.

Mpima Waya

Ndugu Taa Moja, kwa kuwa taa yako huwaka yenyewe, nakuomba uangalie mahali ambapo wachache hupafikiria, yaani kitufe cha stata. Katika pikipiki nyingi za aina hiyo kitufe hicho kina migusano ya ziada inayokata taa kubwa wakati unabonyeza, ili betri ielekeze nguvu zake kwenye mota, na inayoirudisha unapoachia. Umeme wote wa taa yako unapita humo kila dakika unayoendesha, na migusano hiyo ikiota kutu au kuungua, taa inakufa ingawa stata yenyewe inafanya kazi. Washa ufunguo, kisha bonyeza na uachie stata kwa haraka, na usogeze kitufe pembeni kidogo. Taa ikimetameta hata mara moja, fungua upande wa kulia.

Kabla ya hapo, chomoa soketi nyuma ya taa na uitazame kwa tochi. Ikiwa ndani kuna kijani, anza na hicho. Kwangu mimi soketi hiyo imekuwa na hatia mara nyingi karibu sawa na swichi, kwa sababu maji hukusanyika kwenye kava la taa na hayana haraka ya kuondoka. Zungusha pia usukani kushoto na kulia taa ikiwa imewashwa, maana waya uliokatikia shingoni husingiziwa mvua bure.

Taa Moja

Mkuu, narudi na majibu. Nilipobonyeza na kuachia, taa ilimetameta mara mbili ikazima. Soketi ilikuwa safi. Nilipofungua kitufe cha stata nikiwa ndani ya mfuko kama ulivyoelekeza, nilikuta kipande kimoja cha pembeni kimekuwa cheusi, na plastiki iliyokishika imelainika kiasi cha kukifanya kizame. Kabla ya kusafisha, volti iliyopotea hapo ilikuwa 2.1 na taa haikuwaka sawasawa. Baada ya kusafisha na kukinyanyua kidogo kwa ncha ya bisibisi imekuwa 0.6, na taa inawaka vizuri.

Mpima Waya

Hongera sana, umeipata. Lakini 0.6 bado ni nyingi, na plastiki iliyokwisha kulainika haitakishika kipande hicho kwa muda mrefu. Hapa sasa swichi mpya ni halali yake. Ukishaiweka, fikiria kuongeza rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, ili taa ichukue umeme wake moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake, na kitufe kibaki kubeba ule mdogo wa kuamsha rilei tu, ambao hauwezi kuyeyusha chochote. Na kabla ya kuifunga hiyo mpya, ifungue uone kama kiwandani waliipaka grisi. Nyingi nilizofungua zilikuwa kavu.